Barua ya Kijerumani na Pumzi ya Mtoto Njiti

Maziwa, povu, moshi, ukungu na uji ni vitu tunavyoviona kila siku, lakini ni vigumu kusema kama ni vigumu, vimiminika au hewa. Mwaka 1861 mkemia kutoka Uskoti, Thomas Graham, alivipa vitu vyenye tabia ya gundi jina la koloidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo. Baadaye jina hilo likapanuka na kubeba vitu vyote ambavyo chembe ndogo za kitu kimoja zimesambaa ndani ya kingine. Tone moja la maziwa lina vitone vingi vya mafuta ndani ya maji, na kila kitone kina uso wake unaopakana na maji. Kwa hiyo anayesoma koloidi hana budi kusoma mipaka: mahali ambapo mafuta hukutana na maji, au maji hukutana na hewa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, si mkemia. Nimekulia Busia, mji ambao nusu yake iko Uganda na nusu yake iko Kenya, na najua kuwa mambo mengi hutokea mpakani. Katika insha hii nitaeleza historia ya utando mwembamba sana unaokaa juu ya maji, na jinsi ujuzi wa utando huo ulivyofika hatimaye kwenye mapafu ya mtoto anayezaliwa kabla ya wakati wake. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miaka 70. Hoja yangu ni kwamba haikuchelewa kwa ugumu wa sayansi peke yake. Ilibidi ujuzi huo uvuke mipaka ya jinsia, ya lugha na ya taaluma. Alipopatikana mtu wa kuuvusha, ulisonga mbele. Alipokosekana, ulilala.

Tuanze na mafuta. Mabaharia wa kale walijua kwamba mafuta yakimwagwa baharini hutuliza mawimbi madogo, na Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, alilitaja jambo hilo. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyeishi London kwa miaka mingi, alilijaribu kwenye bwawa la Clapham Common na habari zake zikachapishwa mwaka 1774. Alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai, nayo yakasambaa na kutuliza eneo la karibu nusu ekari, yaani mita za mraba 2,000 hivi. Hesabu ya kugawa kijiko kwa nusu ekari ni rahisi. Ukiikata milimita moja vipande milioni moja, unene wa utando ule ni vipande viwili au vitatu tu. Huo ni unene wa molekuli moja. Franklin hakuifanya hesabu hiyo. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, kuupima utando wa mafuta ya zeituni mwaka 1890.

Wakati huo kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akifanya kazi hiyohiyo nyumbani kwake, bila mtu kumjua. Agnes Pockels alizaliwa Venice mwaka 1862. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Austria, lakini malaria, ugonjwa tusiohitaji kuelezwa sisi wa huku, ilivuruga afya ya familia. Mwaka 1871 wakahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alisoma shule ya wasichana na kuipenda fizikia, ila vyuo vikuu vya Ujerumani wakati ule havikuwapokea wanawake. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, ndiye aliyekwenda kusomea fizikia, na vitabu vyake vikawa chuo cha dada yake. Agnes alibaki nyumbani akitunza wazazi wagonjwa, akipika na kuosha vyombo.

Katika maji ya kuoshea vyombo aliona jambo ambalo wanawake wengi huliona na kulimwaga. Uso wa maji hujivuta kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana tone huwa la duara, na wadudu wengine huweza kutembea juu ya maji. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso. Agnes aligundua kwamba mafuta kidogo tu huilegeza, akataka kujua ni kwa kiasi gani. Akatengeneza chombo cha bati mfano wa hori dogo, chenye urefu wa sentimita 70, upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 2. Alikijaza maji hadi ukingoni, akalaza juu yake kipande chembamba cha bati kinachogawa uso wa maji sehemu mbili. Kwa kukisogeza kipande hicho aliweza kuubana utando wa mafuta au kuuachia nafasi. Kisha alitumia kisahani chenye kipenyo cha milimita 6 kilichofungwa kwenye mizani, akapima nguvu inayotakiwa kukibandua kutoka kwenye maji. Aliona kwamba utando ukiwa na nafasi ya kutosha, mvutano ni ule ule wa maji safi. Ukibanwa kufikia kiwango fulani, mvutano hushuka ghafla.

Alifanya majaribio hayo kwa takriban miaka 10 bila pa kuyachapisha. Aliposikia kwamba Rayleigh anashughulikia jambo kama hilo, alimwandikia barua kwa Kijerumani tarehe 10 Januari 1891. Rayleigh angeweza kuiweka kando. Lakini mke wake alikijua Kijerumani, akaitafsiri kwa Kiingereza, na Rayleigh akaipeleka kwenye jarida la Nature akiomba ichapishwe. Ilichapishwa tarehe 12 Machi mwaka huohuo, kwa jina la Agnes Pockels mwenyewe. Katika historia nzima ninayoieleza, hapo ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi. Mwanamke mmoja aligundua, mwanamke mwingine akatafsiri, na mwanamume mwenye cheo hakujitwalia sifa isiyo yake.

Kutoka hapo kazi hiyo ilikwenda Marekani. Mwaka 1917 Irving Langmuir, mtafiti wa kampuni ya General Electric, alikiboresha chombo cha namna ileile, akaonyesha jinsi molekuli za mafuta zinavyosimama juu ya maji: upande unaopenda maji huzama, upande unaoyakataa hutazama hewani. Mwaka 1932 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka huohuo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes Pockels shahada ya heshima ya udaktari, akiwa na miaka 70. Alifariki mwaka 1935. Mpaka leo watu wengi wa maabara hukiita chombo kile kwa jina la Langmuir.

Sasa tugeukie mapafu. Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vya hewa, kila kimoja kikiwa na upana wa chini ya nusu milimita. Ndani yake vimelowa, kwa hiyo kila kifuko kina mpaka kati ya maji na hewa. Mvutano wa uso wa maji hayo hukivuta kifuko kijifunge, na kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo kinavyotaka msukumo mkubwa kukifungua. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard, aliyefanya kazi Uswisi, aliyajaza mapafu ya nguruwe hewa, kisha akayajaza kimiminika. Kwa kimiminika yalifunguka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mpaka wa maji na hewa ulikuwa umeondolewa. Akaeleza kwamba mvutano wa uso una kazi kubwa katika kupumua, na kwamba jambo hilo lafaa kuchunguzwa kwa watoto wachanga. Makala yake ilikuwa kwa Kijerumani. Kwa miaka 25 hivi karibu hakuna aliyeifuata. Lugha haikuwa sababu pekee: madaktari hawakusoma mambo ya nyuso za maji, na wakemia hawakusoma mambo ya mapafu. Lakini naona tofauti kubwa kati ya maandishi haya mawili ya Kijerumani. Moja lilipata mvushaji, jingine lilikosa.

Waliolifufua jambo hili walilifikia kwa njia isiyotarajiwa: utafiti wa gesi za sumu za vita. Richard Pattle, katika kituo cha jeshi cha Porton Down huko Uingereza, alichunguza povu linalotoka kwenye mapafu yaliyoumia. Mwaka 1955 aliandika kwamba viputo vya povu hilo havipasuki upesi kama vya kawaida, kwa hiyo lazima vimefunikwa na kitu kinachopunguza mvutano karibu uishe. Mwaka 1957 John Clements, katika maabara ya jeshi la Marekani, alipima kitu hicho kwa chombo cha ukoo uleule wa hori la Agnes. Utando ulipobanwa, mvutano ulishuka sana. Mafuta haya ya mapafu wataalamu huyaita safaktanti.

Mwaka 1959 daktari wa watoto Mary Ellen Avery, pamoja na Jere Mead, walipima mapafu ya watoto waliokufa huko Boston kwa ugonjwa wa kushindwa kupumua baada ya kuzaliwa mapema. Mafuta yale hayakuwa yakifanya kazi. Mapafu ya mtoto huanza kuyatengeneza akiwa tumboni, lakini huyapata ya kutosha katika wiki za mwisho za mimba. Anayezaliwa kabla ya hapo hulazimika kufungua vifuko vyake upya kwa kila pumzi, mpaka nguvu zinamwishia. Shangazi yangu alimpoteza mtoto njiti siku ya pili. Wazee walisema mtoto alikuwa hajakomaa, nasi tukaliona neno hilo kuwa la kufariji tu. Baada ya kusoma kazi ya Avery nililiona kwa macho mengine. Kutokomaa ni jambo linaloweza kupimwa, na kinachoweza kupimwa huweza kutafutiwa dawa.

Dawa haikuja mara moja. Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akafa siku mbili baadaye kwa ugonjwa huo. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama akidungwa sindano ya steroidi kabla ya kujifungua mapema, mapafu ya mtoto huharakisha kukomaa. Katika utafiti wao ugonjwa uliwapata asilimia 9.0 ya watoto waliosaidiwa, ikilinganishwa na asilimia 25.8 ya wasiosaidiwa. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alieleza jinsi watoto njiti 10 walivyotiwa mapafuni safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na kupumua kwao kukawa kwepesi. Leo watafiti bado wanatafuta safaktanti ya kutengenezwa maabara, na njia ya kumpa mtoto kwa mvuke badala ya kumwingiza mpira kooni.

Huku kwetu historia hii ilipata sura nyingine. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, lililotaka sindano ya steroidi ifike hata katika vituo vidogo vya afya. Umri wa mimba ulikadiriwa kwa tarehe ya hedhi ya mwisho au kwa kupima tumbo kwa utepe. Wengi waliodungwa hawakujifungua mapema. Vifo havikupungua kwa watoto waliozaliwa wadogo sana, na kwa watoto wote kwa jumla viliongezeka kidogo. Mwaka 2020 yakaja matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, kwa kina mama 2,852. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa picha ya ultrasaundi, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kutunza watoto njiti. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na asilimia 23.5 kwa wasiopata. Kwa kila watoto 100, hiyo ni karibu wanne wanaorudi nyumbani badala ya kuzikwa.

Majaribio hayo mawili yanafundisha kwamba dawa iliyo nzuri haitoshi. Lazima ijulikane mimba ina wiki ngapi, na pasipo na mashine, hilo huanza na swali: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Mpakani kwetu muuguzi anaweza kuwa na Kiingereza na Kiganda, mama akawa na Kisamia au Kiteso, na Kiswahili kikawa ndicho pekee wanachokutania. Swali hilo lisipoeleweka, hesabu ya wiki hukosewa.

Kwa kumalizia, sisi tunaosoma Kiswahili mara nyingi huulizwa faida ya somo letu mbele ya sayansi. Jibu langu liko katika barua ya mwaka 1891. Ugunduzi ulikuwa wa Agnes Pockels, lakini aliyeusomesha kwa watu wengine ni mama mmoja aliyejua lugha mbili na hakuona kazi hiyo kuwa ndogo. Vituo vyetu vya afya vina maelekezo mengi ambayo bado hayajaandikwa kwa lugha anayoielewa mama mjamzito. Kazi ya kuyavusha inatungoja, na tunao ujuzi wa kuianza.