Mkondo Kiporo: Hoja Dhidi ya "Pua Baridi" katika Istilahi za Mbwa wa Kunusa

Uwezo wa mbwa kuufuata mkondo wa harufu ulioachwa na mnyama au mtu saa nyingi kabla ya mbwa huyo kufika una jina la kitaalamu katika Kiingereza, na jina hilo limeingia katika Kiswahili cha baadhi ya watafsiri kwa sura ya "pua baridi". Ni tafsiri iliyofuata maneno ikaiacha maana njiani. Msomaji wa Bujumbura, wa Tanga au wa Kisangani anayekutana na sentensi isemayo kwamba mbwa fulani ana pua baridi atafahamu jambo moja tu, nalo ni kwamba mbwa huyo hana homa, kwa kuwa pua ya karibu kila mbwa mwenye afya huwa na unyevu na ubaridi, na wafugaji wamezoea kuigusa kama dalili ya uzima. Istilahi inayosema juu ya kila mbwa kile ilichokusudiwa kusema juu ya mbwa wachache imeshindwa kazi yake ya kwanza, ambayo ni kubagua.

Asili ya msemo huo ni uwindaji wa rakuni nchini Marekani. Rakuni ni mnyama wa ukubwa wa paka mnene, mwenye mkia wa pete na uso uliopakwa weusi kama barakoa, ambaye hutembea usiku kandokando ya vijito na hupanda mtini anapofukuzwa. Mbwa wanaomwinda wamegawanywa katika mbari sita zinazojulikana zaidi: Black and Tan, Redbone, Bluetick, English, Treeing Walker na Plott. Nasaba yao ni ya Ulaya. Plott wanatajwa kuwa wazao wa mbwa waliovushwa kutoka Ujerumani hadi North Carolina mnamo 1750. Bluetick wana damu ya mbwa wakubwa wa Gascogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Na inajulikana kwamba mwaka 1785 Lafayette alimpelekea George Washington mbwa wa kuwinda kutoka Ufaransa. Wafugaji wa Marekani, wakichagua kizazi baada ya kizazi, walizitenganisha tabia mbili ambazo mwanzoni zilikuwa zimechanganyika. Wapo mbwa wanaoanza kazi pale tu harufu inapokuwa mpya, wakaenda mbio vichwa juu, na Treeing Walker ndiye anayesifiwa kwa mwendo huo; na wapo wanaoinamisha kichwa juu ya harufu ya tangu usiku wa manane na kuifumbua polepole, hatua kwa hatua, na hao ni Bluetick na Black and Tan zaidi kuliko wengine.

Wawindaji hao waliuona mkondo mpya kuwa wa moto na mkondo wa zamani kuwa umepoa, kisha, kwa uhuru ambao kila lugha inao nyumbani kwake, wakauhamisha ubaridi kutoka kwenye mkondo na kuupachika kwenye pua inayoufuata. Kiswahili hakikushiriki katika uhamisho huo na wala hakilazimiki kuurithi. Kinacho tayari kitenzi "poa", na mtu angeweza kusema "mkondo uliopoa" bila ya kumshangaza mtu. Lakini waliotafsiri hawakutazama mkondo, walitazama maneno mawili yaliyokuwa mbele yao wakayageuza moja baada ya jingine, kama mtu anayegeuza maandazi katika karai.

Kosa hilo lina madhara kazini. Harufu anayoifuata mbwa ni chembe ndogo za ngozi, jasho, mafuta na majani yaliyovunjwa na mguu, ambazo vijidudu huendelea kuziozesha na kuzifanya zitoe mvuke. Ardhi yenye unyevu na kivuli huzihifadhi, ilhali jua kali huzikausha na kuzitawanya. Nchini Burundi tofauti hii inaonekana katika safari ya saa chache: katika tambarare ya Imbo, kwenye mwinuko wa mita zisizofikia 800 ambako Bujumbura imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, mkondo wa alfajiri huweza kufa kabla ya adhuhuri, na katika vilima vya Mugamba na ndani ya msitu wa Kibira, ambako mwinuko unapita mita 2,000 na ukungu hukaa juu ya majani asubuhi, mkondo wa namna hiyo hiyo huendelea kusomeka kwa muda mrefu zaidi. Mwanafunzi anayeambiwa kuhusu "pua baridi" na "pua moto" atadhani kwamba kuna mbwa wa Mugamba na mbwa wa Imbo, na hakuna atakayeweza kumlaumu, kwa kuwa maneno aliyopewa yanasema hivyo.

Hata pua yenyewe imesingiziwa. Mbwa ana seli za kupokea harufu zinazohesabiwa kwa mamia ya milioni, mwanadamu ana milioni chache tu, na kwa kipimo hicho tofauti kati ya mbari moja ya mbwa wa kunusa na nyingine ni ndogo kuliko masimulizi ya wauzaji. Kinachowatenganisha kwa kiasi kikubwa ni hulka. Mbwa mmoja huipata harufu dhaifu akaiacha kwa sababu haimsisimui, na mwenzake huipata hiyo hiyo akakaa nayo, akarudi nyuma inapokatika, akazunguka, akaanza tena, bila ya kuvutwa na mkondo mpya wa swala uliopita katikati. Mfugaji makini anapochagua dume na jike wa kuzalisha, huangalia uvumilivu huo, uaminifu kwa mkondo mmoja, umbo la masikio marefu na ngozi iliyolegea, na sauti, yaani kama mbwa hutoa mlio mrefu wa kuburuta au milio mifupi ya kukatakata anapokuwa kazini. Istilahi inayoitaja pua peke yake humwelekeza mfugaji kwenye kiungo, naye anahitaji kuelekezwa kwenye tabia.

Lipo pendekezo la pili, linalotetewa kwa bidii na watu ambao hapana haja ya kuwataja, la kumwita mbwa huyu "mbwa wa nyayo za kale". Neno "kale" katika Kiswahili halina maana ya jana usiku. Nyayo za kale zipo, nazo zimehifadhiwa Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, katika majivu ya volkano yenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, ambako kundi la Mary Leakey liliufichua mfululizo wake mashuhuri mwaka 1978, na hakuna mbwa anayetarajiwa kuzifuata. Tena "nyayo" ni wingi wa "unyayo", ambao kwanza ni upande wa chini wa mguu na kisha alama yake ardhini, yaani kitu cha kuonwa kwa macho. Mfuata nyayo wa kibinadamu, awe Mtwa wa Kibira au Mhadzabe wa Ziwa Eyasi, huzisoma nyayo. Mbwa hazisomi, na anaweza kuifuata harufu umbali wa hatua kadhaa kando ya nyayo, upande ambao upepo umeisukuma.

Neno linalofaa kwa kile anachokifuata mbwa ni "mkondo". Watumiaji wengi wa leo wanalijua kwa maji na upepo, lakini kamusi za zamani hulipa pia maana ya njia iliyoachwa na mnyama aliyepita, na maana hiyo haikuwa ya nasibu, kwa sababu harufu hutiririka, hutuama mabondeni, hukatika mtoni na huanza tena ng'ambo. Hapa inafaa kuwatenga wanyama wengine wanaonusa kwa ajili ya binadamu bila ya kufuata mkondo wowote, kama panya buku wa shirika la APOPO wanaofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kutambua mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Hao hunusa mahali palipo mbele yao, na sifa inayojadiliwa hapa haiwahusu.

Kwa mkondo wa zamani, makala haya yanatetea neno "kiporo". Kiporo ni chakula kilichopikwa jana kikalala. Si kibovu, si kipya, na anayekijua hukila. Ndiyo hali hasa ya harufu inayozungumzwa: imelala, imepungua nguvu, lakini ina chakula ndani yake kwa mwenye subira. Mwandishi wa makala haya alilipeleka pendekezo hilo mbele ya kamati moja, nalo likarudishwa kwa mstari mmoja uliosema kwamba neno ni la jikoni na la viwanja vya mpira. Jibu la namna hiyo halistahili heshima ya kitaalamu. "Kiini", ambacho wanabiolojia wa Kiswahili hukitumia kwa kitovu cha seli, ni sehemu ya njano ya yai. "Chachu", ambayo imepanda hadi katika hotuba za siasa, ilitoka kwenye unga. Ama mpira, kitendo cha watangazaji kuiita mechi iliyoahirishwa kiporo ni ushahidi wa kulitetea neno, kwa kuwa kinathibitisha kwamba wazungumzaji wenyewe, bila ya kikao wala posho, wamekwisha kulitoa jikoni na kulipa maana pana ya jambo lililosubiri.

Kuhusu asili yake, fikira ya haraka hulihusisha na "poa", na wapinzani hujibu kwamba r iliyomo haielezeki. Jibu hilo linasahau historia ya sauti. Kitenzi "poa" chenyewe kimepoteza konsonanti katikati ya irabu zake mbili, konsonanti ambayo lugha nyingine za Kibantu zimeihifadhi. Kirundi husema "guhora" kwa kitu kilichotulia au kupoa, na r yake imesimama pale pale ambapo Kiswahili kina pengo. Basi inawezekana kabisa kwamba "kiporo" limeuhifadhi mfupa ambao "poa" limeumeza, na kama ni hivyo, wale waliotaka ubaridi katika istilahi yao wangeupata humo, mahali pake halali, ndani ya mkondo. Hata anayeikataa nasaba hiyo hawezi kuikataa picha, kwa sababu Kirundi nacho huvitaja vyakula vya jana kuwa "vyaraye", vimelala, kwa kitenzi "kurara" ambacho ni ndugu wa "kulala", na kwa hiyo mkazi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, anayezungumza lugha zote mbili huielewa istilahi kabla ya kuelezwa.

Kinyume cha kiporo ni "mbichi". Imesemwa kwamba kinyume cha mbichi ni bivu, na kwamba jozi hii imekwenda upande. Wanaosema hivyo hawajasikia wauzaji wa samaki wa Tanganyika, ambao mukeke mbichi kwao ni yule aliyetoka ziwani alfajiri hiyo, wala hawajasikia madaktari wakikitaja kidonda kibichi. Ubichi wa kutoiva ni maana moja, ubichi wa kutochelewa ni nyingine, na zote mbili ni Kiswahili safi.

Limebaki jina la mbwa mwenyewe. Kitenzi "saka" kilizaa "msasi", mwindaji, kwa kanuni ileile iliyomtoa mfuasi katika "fuata" na mlinzi katika "linda", yaani kiambishi -i cha mtenda ambacho huilainisha konsonanti iliyotangulia. Kitenzi "nusa" tayari kina s, kwa hiyo hakihitaji kulainishwa, kama "tesa" linavyotoa "mtesi"; mtenda wake ni "mnusi". Mbwa wa mbari hizi basi ni mnusi, na mwenye sifa inayojadiliwa ni mnusi wa kiporo. Bonde la Kongo lina mbwa wake wa msituni, basenji, asiyebweka, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mbao ili wamsikie alipo, na ambaye jina lake lina undugu na neno "washenzi". Kosa la kumpa mbwa jina la dharau limekwisha kufanyika mara moja katika eneo hili, na halikupaswa kufuatiwa na jina la upuuzi.

Haja ya istilahi si ya mezani pekee. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, askari wa hifadhi hutumia mbwa wa Saint-Hubert, mbari iliyopewa jina la abasia ya Ardennes nchini Ubelgiji na ambayo damu yake imo katika Black and Tan wa Marekani, kuwafuata majangili kutoka kwenye mzoga. Katika Mara nchini Kenya mbwa wa mbari hiyo hiyo hufanya kazi hiyo hiyo. Kiswahili ni lugha ya askari hao. Wapo wanaomwita mbwa huyo "mbwa wa damu", kwa kulinyofoa jina lake la Kiingereza, na hilo ni jina la kuogofya wanakijiji lisilosema chochote juu ya kazi yake. Askari anayeripoti kwa redio anahitaji kusema tu kwamba mkondo ni mbichi au ni kiporo, ili mkuu wake aamue ni mbwa yupi atolewe.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, "kiporo" hapa ni nomino iliyowekwa kando ya nomino nyingine kuifafanua, kama "kipofu" katika mtu kipofu na watu vipofu. Kwa hiyo wingi wa mkondo kiporo ni mikondo viporo, na anayeandika "mikondo miporo" amelidhania kuwa kivumishi.