Taifa Linapokalia Kiti cha Mungu: Funzo kutoka Rwanda, 1931–1997

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, jirani yetu hapa Ngarama, yalianza kupokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Baada ya 1994 yakapokea Wahutu kutoka nchi hiyohiyo. Katika makundi yote mawili Wakristo walikuwa wengi. Katika insha hii ninauliza: ilikuwaje nchi ambayo karibu asilimia 90 ya watu wake walikuwa Wakristo ikatoa wakimbizi wa pande zote mbili? Hoja yangu ni kwamba, kwa miaka mingi, kanisa liliruhusu taifa likalie kiti cha Mungu.

Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani Mwami Musinga, aliyekataa ubatizo. Mwanawe, Mutara III Rudahigwa, akatawazwa, akabatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda wakfu kwa Kristo Mfalme. Machifu na raia walimiminika kanisani. Tendo hilo lilionekana kuwa ushindi wa injili, lakini lilikuwa na hatari yake: tangu hapo kuwa Mkristo na kuwa upande wa watawala vilikaribia kuwa kitu kimoja.

Katika miaka ya 1950 upepo uligeuka. Grégoire Kayibanda, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Kinyamateka, alikuwa miongoni mwa walioandika Ilani ya Wahutu ya mwaka 1957. Madai ya haki yaliyokuwamo yalikuwa na msingi, kwa kuwa Wahutu walinyimwa elimu na vyeo. Kosa lilikuja pale taifa lilipopewa maana mpya, kwamba wenye nchi ni Wahutu walio wengi na Mtutsi ni mgeni. Viongozi wengi wa kanisa, waliokuwa wamewaunga mkono machifu, sasa waliiunga mkono jamhuri. Mtawala alibadilika, ila desturi ya kumbariki haikubadilika. Chini ya Rais Habyarimana, Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala cha MRND. Askofu aliyekalia kiti cha chama angekikemeaje chama?

Matunda yake yalionekana katika parokia ya Nyange, Aprili 1994. Watutsi wasiopungua 1,500 walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga juu ya vichwa vyao. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, na mwaka 2008 ikamhukumu kifungo cha maisha.

Lakini historia ya Nyange haikuishia hapo. Tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya hapohapo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa, wakisema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili, waseminari wa Buta nchini Burundi walipewa amri ya namna hiyo, nao wakakataa. Arobaini waliuawa.

Hapa ndipo ninapopinga wanaosema kwamba Mkristo hapaswi kulipenda taifa lake. Wanafunzi wa Nyange walitumia jina la taifa lao, lakini kwa kumkumbatia mwenzao. Waliobomoa kanisa walitumia jina la taifa ili kuchagua nani afe. Basi kipimo ni hiki: taifa likidai damu ya jirani ili liishi, limekwisha kuwa sanamu, hata likiimbiwa zaburi. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimtumikia mfalme ofisini, lakini walikataa kuisujudia sanamu yake.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Nakivale na Mbarara. Wakongomani, Waburundi na Wanyarwanda wanasali pamoja, mara nyingi kwa Kiswahili, huku kila mmoja akifuatilia vita vya kwao kwenye simu. Ni rahisi ombi la amani kugeuka ombi la jeshi letu lishinde. Wanafunzi wa Nyange na Buta walikuwa rika letu, na jibu lao lilihitajika papo hapo, kabla askofu wala mwanasiasa yeyote hajawaambia la kufanya. Nasi inatupasa tuwe tumekwisha kuamua kabla hatujaulizwa.