Milimita Kwenye Boksi Hazikuambii Kitu

Ukiuliza mtaani eafoni gani ni kali, utaambiwa utafute yenye draiva kubwa. Milimita 13 inashinda 10, 10 inashinda 7, stori imeisha. Wauzaji wanajua tunafikiria hivyo, ndiyo maana hiyo namba huchapwa kubwa kwenye boksi. Lakini ukifuata historia ya hii kitu, karibu kila hatua ya maana ililetwa na kitu kingine.

Tuanze na draiva yenyewe. Niliacha kampasi kabla ya kumaliza, lakini hapa fizikia ya kidato cha tatu inatosha. Chukua koili ya waya mwembamba, iweke katikati ya sumaku, igundishe kwa utando mwepesi. Umeme wa ngoma ukipita, koili inaenda mbele na nyuma, utando unafuata, hewa inatikisika, wewe unasikia besi. Hiyo ndiyo draiva ya dainamiki.

Wazo ni la kitambo. Werner von Siemens, Mjerumani, alisajili uvumbuzi wa koili inayocheza ndani ya sumaku mwaka wa 1874, kabla hata ya simu ya Alexander Graham Bell. Ikabidi tungoje hadi 1925 ndipo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, waonyeshe spika ya koili inayofanya kazi vizuri. Hedifoni za wakati huo zilikuwa na kibati chembamba cha chuma kinachovutwa na sumaku: sawa kwa kusikia mtu akiongea, lakini muziki ulitoka kama umefungiwa kwa mkebe. Mwaka wa 1937, Eugen Beyer wa Berlin akatoa DT 48, hedifoni ya kwanza ya dainamiki.

Shida iliyobaki ilikuwa uzito. Sumaku za zamani zilikuwa dhaifu, kwa hivyo ukitaka nguvu, ilibidi ziwe kubwa. Sumaku za samari na kobalti zikabadilisha mchezo. Walkman ya Sony ilipotoka 1979, ilikuja na hedifoni ya gramu 50 hivi, wakati za kawaida zilikuwa na mamia ya gramu. Mwanzoni mwa miaka ya 80, Masato Sagawa wa Japani akatengeneza sumaku ya neodimi, kali zaidi. Ndiyo maana leo draiva inaweza kuwa ndogo kuliko kifungo cha shati na bado ipige.

Sasa hapa ndipo watu hupotea. Eafoni za kwanza, hata zile nyeupe za iPod ya 2001, zilikaa mlangoni mwa sikio tu. Besi ikavuja pembeni. Mwaka wa 1991, Etymotic ya Marekani ikaleta ER-4, eafoni inayoingia ndani na kuziba tundu la sikio kabisa. Haikuwa hata na draiva ya dainamiki. Ilitumia teknolojia ya vifaa vya kusaidia kusikia. Lakini ilionyesha jambo moja: ukiziba tundu, hewa iliyobaki ndani ni kidogo sana, na utando mdogo unatosha kuisukuma. Mwaka wa 2012 Sennheiser ikatoa IE 800, eafoni ya bei ya juu kabisa. Draiva yake ya dainamiki? Milimita 7.

Tena ukubwa una gharama yake. Utando mpana ukiwa laini, sauti za juu zinaupinda, sehemu moja inaenda hapa, nyingine pale, na sauti inachafuka. Hata kile kitundu kidogo unachoona nyuma ya eafoni kina kazi. Kinaachilia hewa. Ukikiziba, hewa ya nyuma inakuwa kama springi na kuukaza utando, na besi inapungua.

Kwa nini nakazana na hii stori? Kwa sababu tunanunua namba, halafu tunalipa kwa masikio. Eafoni isiyoziba vizuri ndani ya matatu ya Thika Road inakulazimisha kuongeza sauti hadi mwisho ndiyo ushinde injini na spika za gari. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti ya juu, na linashauri kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Neva za kusikia zikishakufa hazirudi.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa nyingine, jaribu hii. Cheza ngoma yenye besi, kisha sukuma eafoni polepole ndani kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, draiva yako iko sawa. Ni raba ndiyo haikutoshi. Badilisha saizi ya raba, halafu urudishe sauti chini.