Foromali

Foromali ni boriti ndefu inayobeba tanga la pembe tatu katika vyombo vya pwani ya Afrika Mashariki, kama vile jahazi na mashua. Hutundikwa mlingotini kwa kamba iitwayo henza, na hupandishwa au kushushwa kwa jarari, yaani kamba inayopita kwenye kapi. Katika vyombo vikubwa aghalabu huundwa kwa magogo mawili au zaidi yaliyofungwa pamoja kwa kamba.

Faida yake kubwa kwa mabaharia ni kwamba kazi nyingi za juu hufanyika chini. Merikebu za Ulaya zenye matanga ya mraba ziliwekewa ngazi za kamba kando ya mlingoti, kwa kuwa baharia alilazimika kupanda ili kukunja tanga. Jahazi halihitaji ngazi hizo: jarari hulegezwa, foromali hushuka hadi sitahani, na tanga hufungwa, hushonwa au hubadilishwa kwa jingine dogo upepo unapozidi. Njia hii ni salama zaidi, ingawa hudai mikono mingi wakati wa kupandisha. Kamba ikikwama kileleni, baharia hupanda mlingoti kwa mikono na miguu mitupu. Kamba zinazoushikilia mlingoti hukazwa upande wa upepo, na huhamishwa chombo kinapogeuzwa.

Mbali na pwani, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, baadhi ya mashua za wavuvi pia hutumia tanga la pembe tatu.