Mchujo wa mpira wa kikapu wa wanawake kwa Olimpiki ya 2024

Mchujo wa mpira wa kikapu wa wanawake kwa Olimpiki ya 2024 ulikuwa utaratibu wa kupata timu 12 za taifa za kushiriki michezo ya Paris, Ufaransa. Ulisimamiwa na FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Utaratibu

Timu 16 zilipatikana kupitia mashindano ya mabara ya mwaka 2023: Ulaya 6, Amerika 4, Asia pamoja na Oseania 4, na Afrika 2. Ziligawanywa katika makundi manne, yaliyochezwa Februari 2024 katika miji ya Antwerp, Belém, Sopron na Xi'an. Kila kundi lilitoa timu tatu. Ufaransa (mwenyeji) na Marekani (bingwa wa dunia wa 2022) zilicheza ingawa zilikwisha kupata nafasi. Hivyo katika makundi yao zilibaki nafasi mbili tu za kugombewa.

Afrika

Nigeria na Senegal, zilizocheza fainali ya AfroBasket mjini Kigali, Rwanda, zilipangwa kundi moja na Marekani na Ubelgiji. Zote mbili zilifungwa na timu hizo, hivyo mchezo baina yao ndio ulioamua. Nigeria ilishinda, na huko Paris ikawa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanawake au wanaume, kufika robo fainali ya mpira wa kikapu katika Olimpiki.