Zambarau, sukari na mguu wa panya: dawa ya mitishamba hupimwaje?

Msimu wa zambarau ukifika, sokoni Darajani hata mashamba ya Unguja utaambiwa usitupe kokwa: zikaushe, zisage, ni dawa ya sukari. Mzambarau ni ndugu wa mkarafuu, na watafiti wa nchi mbalimbali wameupima kwa wanyama. Hapa tunaeleza wanavyofanya, na kwa nini ujumbe wa simu unaosema "imethibitika kwa panya" hautoshi kumfanya mgonjwa aache vidonge.

Panya wa maabara huchomwa sindano ya aloksani, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Baada ya siku chache sukari yake hupanda. Kokwa au majani hulowekwa kwenye maji au spiriti, huchujwa, hukaushwa, na kinachobaki panya hupewa kwa kipimo kinacholingana na uzito wake.

Kwa nini wapime na uvimbe? Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa huharibika na kidonda cha mguu huchelewa kupona. Basi panya huchomwa karajini kwenye unyayo, na mguu huvimba kwa saa kadhaa. Karajini hiyo hutokana na mwani mwekundu, jamii ya ule wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani! Viwandani huongeza uzito wa vyakula kama aiskrimu. Chini ya ngozi huleta uvimbe na maumivu. Mguu hutumbukizwa kwenye chombo cha maji mara kwa mara, na kiasi cha maji yanayopanda huonyesha umevimba vipi.

Kundi moja hupewa dawa ya mti, jengine diklofenaki, jengine maji matupu. Hili la maji matupu ndilo la kuangaliwa sana. Panya wenye kisukari cha aloksani wamewahi kuonekana wakivimba kidogo kuliko wazima, hata bila dawa yoyote. Asiyelinganisha panya mgonjwa na mgonjwa mwenziwe atausifu mti bure.

Na panya si mtu. Huko Brazil wagonjwa wa kisukari walipewa chai ya majani ya mzambarau, wengine glibenklamidi, kidonge kinachojulikana hata hospitali zetu. Matokeo yalichapishwa 2006: kidonge kilishusha sukari, chai haikushusha. Wagonjwa hawakufika 30, na yalikuwa majani, si kokwa. Hata hivyo walikuwa watu, nasi tunaupa ushahidi huo uzito kuliko wa panya mia.

Mgonjwa anayechanganya mitishamba na vidonge akitoka jasho ghafla, akatetemeka na kuhisi njaa kali, huenda sukari imeshuka mno. Kama anaweza kumeza, apewe kitu kitamu upesi, kisha apelekwe kituo cha afya. Anayempeleka ataje kila alichokunywa, hata unga wa kokwa alioletewa na jirani.