Burungu: juu ya nini kila upande unahesabu vita kuanzia siku yake

Burungu iko katika sheferi ya Bashali, teritware ya Masisi, upande wa Kitchanga. Wahunde, Wahutu, Watutsi na wengine wamelima milima ileile na kuuza kwenye soko moja. Lakini ukiuliza vita vilianza lini, jibu linategemea unayemuuliza ni wa jamii gani.

Tarehe zinazokumbukwa

Wahunde wengi wanaanzia wakati wa Wabelgiji. Kati ya 1937 na 1955, serikali ya koloni ilileta Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, na wenyeji wakapoteza mashamba. Wanaosema Kinyarwanda, ambao wengine wao babu zao walikuwa Kivu mbele ya Wabelgiji, wanaanzia 1981, sheria mpya ilipofuta ile ya 1972 iliyowapa wengi uraia. Ao wanaanzia Machi 1993, waliposhambuliwa kwenye soko la Ntoto, Walikale. Vita hivyo vilifika Masisi. Pande zote ziliua na kuuawa: watu elfu kadhaa walikufa na karibu 250,000 walikimbia. Watutsi wanakumbuka tena Mei 1996, wakimbizi walipouawa kwenye monasteri ya Mokoto.

Hakuna tarehe ya uongo hapo. Shida ni kwamba mtoto anafundishwa moja tu nyumbani: ile ambayo watu wake waliumizwa. Yale waliyofanya watu wake hasikii.

Namna mazungumzo yanavyokufa

Kwanza ni majina. Kijana wetu mwenye bunduki “analinda kijiji”. Wa kwao ni “adui”, hata kama wote wawili wanatoza raia pesa kwenye barriere.

Pili, kosa la mmoja linakuwa la kabila lote. Mtu wa kwao akiiba ngombe, watu wanasema “wako vile”. Wa kwetu akiiba, ni mwizi tu.

Tatu ni woga. Anayesema “na sisi tuliua” anaitwa msaliti, na katika kijiji chenye bunduki neno hilo linaweza kumaliza maisha yake. Kwa hiyo wengi wanaojua ukweli wananyamaza, na upande mwingine unafikiri wote wanakubali.

Nne, watu wanatengana. Mwaka 2023 mapigano kati ya M23 na Wazalendo yalifika Kitchanga na vijiji vya jirani, na familia zilikimbia kila moja upande wake. Soko likifungwa, habari za wengine zinabaki za kusikia tu.

Kilichojaribiwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Barza ya wazee ilikutanisha viongozi wa makabila ya Kivu ya Kaskazini. Ilisaidia kutuliza ugomvi kadhaa, kisha ikapoteza nguvu katika miaka ya 2000. Udhaifu wa mkutano wa namna hiyo unaeleweka: kila mzee anaketi kama mtetezi wa watu wake, na akikubali kosa, atajibu nini akirudi nyumbani?

Ndiyo sababu kazi inaanzia ndani ya kila jamii, mbele ya kukutana na wengine. Mzee wa Kihunde akisema mbele ya vijana wake yale Wahunde walifanya 1993, na mzee wa Kihutu akifanya vilevile kwao, hapo kila upande unafika kwenye kikao ukiwa na kitu cha kusema zaidi ya mashtaka.